Mstari wa Nne

Mimi si mwongo, na hilo lieleweke mapema. Nina miaka ishirini na sita katika masjala ya wilaya, na kwa miaka yote hiyo nimeandika jambo moja tu lisilo sawasawa. Hata hilo nililazimishwa na fomu.

Wilaya yetu iko mlimani. Sisemi kwamba ina mlima. Nasema haina kitu kingine. Mji wenyewe ni ngazi, ngazi moja ya mawe yenye vipandio mia nne na kumi na viwili, na nyumba zimebanana huku na huku kama abiria waliogombania dirisha. Kwetu hakuna kulia wala kushoto, kuna juu na chini basi. Ukiuliza duka la mafuta ya taa liko wapi utaambiwa, "Panda thelathini." Na ngazi ni nyembamba, watu wawili wakikutana mmoja lazima ajibane ukutani. Kuketi kwenye kipandio ni kuziba mji mzima. Ukijaribu utatukanwa kuanzia juu mpaka chini, na matusi ya chini hufika yakiwa yamechoka lakini hufika.

Mahali pamoja tu pana nafasi, kipandio cha mia mbili na thelathini. Hapo ngazi inapanuka kuwa kibaraza, na kibarazani kuna jiwe refu lililolala, limelainishwa na makalio ya vizazi. Kila apandaye huketi hapo. Anavua viatu atoe changarawe, ananyamaza kwa kuwa hana pumzi za kusemea, anatazama bonde, anasema "Ee Mola wangu," kisha anavaa viatu na kuendelea. Hakuna aliyewahi kupita bila kuketi, isipokuwa watoto na vichaa.

Dini tunazo tatu. Kanisa liko chini kabisa, msikiti uko juu kabisa, na watu wa Chemchemi, wanaoomba kwa mababu zao penye maji, wako katikati. Mchungaji anaishi juu na Shehe anaishi chini. Msiniulize kwa nini, hiyo ni historia. Kwa hiyo asubuhi Mchungaji hushuka kazini na Shehe hupanda kazini, wanakutana jiweni, na wanaketi pamoja kulalamikia magoti. Kuhusu nani alifika mlimani kwanza, kila jamii inasema ni yenyewe, na kila moja ina mzee wa kuapa. Mimi katika Sehemu ya Pili ya fomu, Historia, niliandika kwamba wote walifika wa kwanza, kwa nyakati tofauti. Hakuna aliyelalamika mpaka leo.

Shida ilikuwa Sehemu ya Tatu.

Makao makuu walikuwa wanatengeneza Kitabu cha Wilaya. Kila wilaya ilijaza fomu ya jiografia yake, historia yake na jamii zake za kidini. Sehemu ya Tatu ilikuwa na mistari minne, na juu yake maandishi mazito: JAZA MISTARI YOTE. FOMU YENYE MSTARI MTUPU ITARUDISHWA. Nikajaza mitatu, wa nne nikapiga kistari. Fomu ikarudi. Nikaandika "Hakuna." Fomu ikarudi tena, na safari hii walikuwa wameambatisha barua: "Taja idadi ya wafuasi wa Hakuna, jina la kiongozi wao, na namna yao ya ibada."

Haki ya nani, niliisoma barua ile mara tatu. Nikampelekea bosi wangu. Bosi akaisoma huku anakuna sikio kwa kifuniko cha kalamu, akasema, "Karani, wewe ni mtu mzima. Jaza."

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, na nilikuwa bado na vipandio mia nne mbele yangu. Nikachukua kalamu kwa hasira. Jina la jamii: Jamii ya Jiwe. Mahali: kipandio cha mia mbili na thelathini. Namna ya ibada: "Huvua viatu, huketi, hukaa kimya, hutazama bonde, hutaja jina la Mungu kwa sauti ya kukata tamaa." Idadi ya wafuasi: hapo nikajiuliza, nani haketi pale? Nikaandika idadi ya watu wote wa mji, elfu tatu mia moja na arobaini. Nikagonga mhuri. Nikapanda nyumbani, nikaketi jiweni kama kila mtu, wala sikufikiria chochote.

Fomu haikurudi.

Kitabu kilitoka baada ya mwaka mmoja, jalada la kijani, picha ya mlima wa watu wengine kabisa. Na nyuma ya kitabu akaja Mkaguzi. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kikalio cha turubai cha kukunja na mkoba uliojaa kanuni. Tatizo, alisema, ni hesabu. Wilaya yetu ina watu elfu tatu mia moja na arobaini, lakini ukijumlisha waumini unapata elfu sita mia mbili na themanini. Kila mtu kahesabiwa mara mbili, na kanuni inasema mtu mmoja, jamii moja.

"Sasa Mheshimiwa," nilimwambia, "si tufute tu ule mstari wa nne?"

Akanitazama kwa huruma. "Kitabu hurekebishwa kila baada ya miaka kumi, Karani. Tusichoweza kurekebisha kitabuni, tunarekebisha kwa watu."

Jumapili iliyofuata akapanda mpaka kibarazani na mafundi wawili wakasimika kibao: ENEO LA IBADA, JAMII YA JIWE. ATAKAYEKETI HAPA ATAHESABIWA HAPA. Akakunjua kikalio chake kipandio kimoja nje ya kibaraza, yeye peke yake akiruhusiwa kuziba njia, akafungua daftari. Siku ile ya kwanza waliketi watu saba kwa mazoea. Mkaguzi akawaandika majina na kuwafuta kwenye dini zao pale pale, kwa rula. Mmoja alikuwa mpiga ngoma wa Chemchemi, alilia kama mtoto. Shehe mwenyewe alikuwa ameshainamisha magoti, nusu ya kuketi, mkewe akamdaka kanzu kwa nyuma na kumsimamisha. Kutoka hapo mji mzima ukaanza kupanda bila kupumzika. Ungewaona! Watu wazima wanapita jiwe wakilitazama kwa pembe ya jicho, midomo wazi, rangi imewatoka, wanafika majumbani wanaanguka sebuleni. Wengine walileta stuli zao kibarazani. Mkaguzi akafungua kanuni, akasoma kwamba kitu chochote cha kukalia, kiwe cha mbao, jiwe, chuma, kitambaa au plastiki, kikiwekwa katika eneo la ibada ni kifaa cha ibada. Stuli zikarudi.

Mimi haya yote ningeyavumilia. Ningejitia hamnazo kama kawaida yetu watu wa serikali. Lakini Jumapili ile kibao kiliposimikwa, mama yangu alikuwa chini, kanisani.

Mama ana miaka themanini na moja. Ameimba kwaya miaka sitini, sauti ya pili, benchi la mbele. Nyumba yake iko kipandio cha mia tatu na tisini, na nyuma ya nyumba amelala marehemu baba, na kila asubuhi Mama hufagia pale kabla hajanywa chai. Kila Jumapili hushuka kanisani, na kurudi hupanda pole pole, huketi jiweni nusu saa nzima, kisha anamalizia. Bila ile nusu saa hafiki. Moyo wake hautaki, daktari alishasema.

Alipoambiwa habari ya kibao alikuwa kwenye mlango wa kanisa. Akauliza mara moja tu: "Nikiketi, wananifuta kwaya?"

Mchungaji akainamisha kichwa. "Wanakufuta kila kitu, Mama Karani."

"Basi siketi."

Akaenda kwa mdogo wake, Mama Mdogo, anayekaa kipandio cha kumi na moja. Hao wawili hawajawahi kupatana tangu wakiwa wasichana. Mama Mdogo hufungua redio tangu alfajiri, habari, matangazo ya vifo, bei za mazao, kila kitu, kwa sauti ya kuamsha bonde. Siku mbili za kwanza waligombana. Siku ya tano waliacha kugombana, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilipita jioni nikitoka kazini nikamkuta Mama kashika tama kwenye kiti cha ukindu, uji umepoa mbele yake, redio inanguruma na hata haiambii ikome.

"Mama, kula kidogo."

"Nani anamfagilia baba yako?"

"Mimi, Mama. Kila siku."

"Unafagia kuelekea wapi?"

Sikujua kwamba kuna kuelekea. Nikasema mlangoni. Akafumba macho. "Unamrushia vumbi usoni," alisema. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mwanangu, usiniache nikafia huku chini."

Nilitoka pale nikapanda ngazi nikilia, na kulia huku unapanda ngazi bila kupumzika nusura kuniue.

Hakujua ni mimi niliyeandika. Ndivyo nilivyodhani. Kila siku nilitaka kumwambia, na kila siku ulimi ulikuwa mzito. Badala yake nikahangaika. Nilimwandikia bosi, bosi akasema suala hili sasa liko juu yake, na kwetu jambo likiwa juu hakuna anayetaka kulipandia. Nilimwomba Mkaguzi amruhusu Mama peke yake. Akasema akimruhusu mmoja itakuwa ni dhehebu. Nikamwambia Mama nitambeba mgongoni.

"Mimi si gunia," akasema.

"Kuna machela, Mama. Vijana wanne..."

"Kwa machela watu wanapandishwa wakiwa wamekufa. Nikifa nitapanda machela, na nitakuwa wa kwaya. Kubebwa sitaki. Nataka kuketi."

Wiki ya tatu, siku ya Jumamosi, nilifika nikamkuta amesimama mlangoni kwa Mama Mdogo, kavaa viatu vyake vya kanisani, kajifunga kanga mbili kiunoni, fimbo mkononi. Mama Mdogo nyuma yake analia, na redio ilikuwa imezimwa.

"Anakwenda," Mama Mdogo akaniambia. "Mzuie! Atafia njiani huyu, mzuie!"

"Twende," Mama akaniambia mimi.

Nani amzuie Mama? Tukaanza. Yeye mbele, mimi nyuma, mikono nimeitanua kama mtu anayefukuza kuku. Kipandio cha hamsini alikuwa sawa. Cha mia moja akaacha kujibu nikimsemesha. Watu walikuwa wanatoka majumbani, wanajibana ukutani wampishe. Cha mia na themanini alianza kuhesabu kwa mdomo bila sauti. Mbele yetu walikuwa wamesimama watu wa dini zote tatu, wameshika ukuta, wanamtazama kama wanatazama maiti anayetembea, na mimi nilitamani kuwapiga wote, mmoja mmoja, nikianzia na mimi mwenyewe.

Tukafika kibarazani. Jiwe lile pale, limelala, kama zamani. Mkaguzi akafungua daftari, akafungua kalamu. Shehe na Mchungaji walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake wa kibao, wamekutana kama kawaida yao, magoti yanawatetemeka.

Mama alisimama mbele ya jiwe. Fimbo ilikuwa inagonga sakafu yenyewe, kwa mtetemo. Rangi ya midomo yake haikuwa nzuri. Alitazama bonde, akasema, "Ee Mola wangu," kwa ile sauti yake.

Nikashindwa. "Mama," nikasema mbele ya watu wote, "keti. Ni mimi. Ni mimi niliyeandika. Hii dini nimeitunga mimi, Ijumaa, saa tisa, kwa hasira. Keti, dhambi iwe yangu."

"Najua ni wewe," Mama akasema. Alikuwa anachukua pumzi kila baada ya maneno mawili. "Mchungaji alinisomea kitabu. 'Hutaja jina la Mungu kwa sauti ya kukata tamaa.' Nikasema, huyo aliyeandika... amewahi kupanda ngazi na mimi."

"Basi keti, Mama. Nakuomba."

"Siketi kwenye dini yako."

Na magoti yake yakaanza kukunjika.

Sikufikiri. Mimi ni mtu wa masjala, kwetu kufikiri huchukua siku saba za kazi. Nilijikuta nimepiga magoti kibarazani, nimeweka viganja chini, mgongo nimeunyoosha, tumbo langu lote la miaka ishirini na sita ya kukaa ofisini linaning'inia. "Keti hapa," nikasema nikitazama sakafu. "Mimi si dini. Mimi ni mwanao."

Nikausikia mkono wake begani, halafu uzito wake mgongoni. Ulikuwa mdogo mno. Mama ambaye alinibeba mgongoni ngazi hizi hizi, mimi na ndoo ya maji juu, alikuwa mwepesi kama kikapu cha nguo zilizokauka. Nikalia, matone yakadondoka kati ya viganja vyangu, na sikuweza kuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

"Usitikisike," Mama akasema.

Mkaguzi alisimama. Nilisikia kurasa za kanuni zikifunguliwa, nyingi, kwa haraka. "Kitu cha kukalia," akasoma, "kiwe cha mbao, jiwe, chuma, kitambaa..." Akainama kunitazama chini ya tumbo, kama fundi anayekagua gari. "Karani, wewe ni wa nini?"

"Wa huyu hapa juu," nikamwambia.

Hapo Mchungaji akacheka. Sijui ni kicheko au ni pumzi tu zilikuwa zimemwishia. Akamgeukia Shehe. "Rafiki yangu, wewe magoti yako yakoje leo?"

"Mabaya," Shehe akasema. "Wiki tatu sijaketi."

Mchungaji akashika kanzu yake ya kazi, akaikunja, akapiga magoti kando yangu, akaweka viganja chini akiguna. "Anza wewe. Kisha zamu yangu." Na Shehe, taratibu, kwa heshima zote, akaketi juu ya Mchungaji. Akavua viatu. Akatoa changarawe.

Baada ya hapo sikuona tena, niliona miguu tu. Lakini nilisikia. Watu walishuka, watu walipanda, kibaraza kikajaa. Mpiga ngoma wa Chemchemi aliinama akakaliwa na shangazi yake. Bosi wangu, ambaye hajawahi kufika kibarazani siku ya Jumamosi, aliinama kwa ajili ya mke wake, na mke wake akaketi kwa nguvu kuliko ilivyolazimu. Jiwe lenyewe lilibaki tupu katikati yetu, na juu yake mtu alikuwa ameweka kofia ya Shehe isichafuke.

Mkaguzi alizunguka na daftari lake, anatafuta pa kupita. "Huvua viatu," alikuwa anasema peke yake, anaandika. "Huketi. Hukaa kimya." Akafika kwetu, akachuchumaa mbele ya uso wangu. Alikuwa ametoka jasho, mnyonge, mkoba unamlemea, na nikakumbuka kwamba na yeye kila jioni hupanda vipandio mia na themanini hadi chumba cha wageni. "Karani," akanong'ona, "hii siyo Jamii ya Jiwe. Jiwe hamjaligusa. Hii ni jamii ya tano. Nitaiandika wapi?"

"Huwezi kuiandika, Mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Fomu ina mistari minne."

Nilimwona anahesabu kwa vidole, moja mpaka nne, kisha anaanza upya. Mwishowe akafunga kalamu. Akalifunga daftari pia.

"Mwanangu," Mama akamwambia kutoka juu yangu, "wewe mbona umesimama? Huna wa kukukalisha?"

Mkaguzi akasema hana, wa kwao wako mbali.

Mama akasogea. Nikausikia uzito wake ukienda upande wa mabega, ukiacha nafasi kiunoni.

"Mama," nikasema, "huyo ana kilo zake."

"Nyamaza," Mama akasema. "Wewe ndiye uliyeanzisha." Na akakigonga kiuno changu mara mbili kwa kiganja, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye benchi kabla ya mgeni kuketi.

Tulikaa nusu saa, kama kawaida yake. Kisha akainuka, akashika fimbo, akahesabu vipandio mia na sitini vilivyobaki, na kabla giza halijaingia nilimwona nyuma ya nyumba yake, ameinama na ufagio, anafagia kutoka kichwani kuelekea miguuni. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi ukumbini kwake, mgongo umekufa ganzi, mlango wa nyuma wazi, namwangalia ili nijifunze.